Pengo la Mpiga Tarumbeta

Tarumbeta haipigwi kwa mapafu peke yake.
Miaka thelathini na mmoja katika bendi ya polisi
nililijua hilo bila kulifikiri,
kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake gizani:
mdomo huegemea meno,
ndipo pumzi igeuke shaba.

Sasa mawili ya mbele hayapo.
La tatu linatikisika
kama kigingi cha mbuzi mkaidi.

Hospitali kubwa ya Mbale, dirisha la nne.
Binti Muduwa, afisa wa meno, mwenye mikono myepesi,
hakuupaka ukweli sukari:
"Kung'oa ni bure, Mzee Etyang, ganzi ikiwepo.
Kuweka ndiko hakuna."
Nikacheka, upepo ukapita pengoni.
Serikali niliyoipigia wimbo wa taifa
jua la Oktoba likinichoma kisogo,
kung'oa inajua.
Kupanda haijajifunza.

Nikapanda ngazi za ofisi ya bima.
Kijana wa tai akafungua kitabu:
moyo umo, figo zimo, malaria imo,
macho yamo, nusu.
"Na meno?"
Akageuza ukurasa, akaurudisha.
"Meno ni urembo, mzee. Halafu umepita sitini."

Urembo!
Nilitaka nimkaribishe nyumbani,
nimwekee maleewa mbele yake,
autazame urembo ukitafuna kwa fizi.

Na ile bima ya taifa?
Iko njiani tangu kabla sijastaafu.
Nimekaa stesheni,
reli imeota nyasi, mbuzi wanalisha katikati,
na mwenye kipaza sauti bado anasema: jiandaeni.

Pensheni yangu, laki mbili na elfu kumi na nne.
Toa umeme.
Toa dawa za presha za Asekenye, mke wangu.
Toa daftari na viatu vya mjukuu, ambaye miguu yake
haina huruma, inakua hata wakati wa likizo.
Meno bandia: laki sita, "bei ya kirafiki."
Urafiki gani huo, sikuuliza.

Ni Rajabu Fadlumula, aliyebeba ngoma kubwa
tulipokuwa vijana wa mkanda mweupe,
aliyetuita uani kwake Namakwekwe.
Wastaafu kumi na mmoja juu ya mikeka.
Mwalimu Nambozo akashika kalamu,
tukafungua vinywa, akahesabu:
meno yetu yote pamoja, mia moja arobaini na mawili.
"Kwa hayo," Rajabu akasema, "tunaweza kuuma kitu."

Elfu ishirini kila mtu, kila mwezi.
Muduwa alitutafutia fundi;
fundi, aliposikia vinywa kumi na kimoja,
akashuka hadi laki nne na arobaini.
Basi kila miezi miwili, kinywa kimoja.
Kura tulizipiga ndani ya kofia yangu ya gwaride,
na kofia hiyo, baada ya utumishi wote ule,
ikanipa namba tisa.

Wa kwanza alikuwa Wamimbi, askari magereza.
Hatukuwahi kumwona akicheka;
tulidhani ni ukali wa kazi.
Siku alipopewa meno alinunua hindi la kuchoma,
akalila amesimama pale pale kwa muuzaji,
akanunua jingine,
kisha akatuonyesha yote, juu na chini,
kama mtu anayefungua madirisha
ya nyumba iliyofungwa miaka mingi.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Labda wao walikuwa na muhogo laini.

Mimi, jioni, naitoa tarumbeta katika sanduku,
naifuta, naiweka pembeni mwa mdomo
palipobaki ukuta kidogo.
Inatoka sauti moja, nene, iliyopinda.

"Ng'ombe wa nani huyo?" Asekenye anauliza kutoka jikoni.

"Wangu," namjibu.
"Bado miezi kumi na minne."