Kuhamisha Bikoni

Luhende kaja dukani Magomeni na kompyuta kifuani,
kaikumbatia kama mgonjwa aliyekosa kitanda Mwananyamala.
"Fundi Zamoyoni, C imejaa. Nyekundu tupu.
Hata barua haihifadhiki."

Nikaifungua. Kweli: C ni mji, D ni shamba.
Huku mafaili yamebanana kama wapangaji wa Manzese,
mlango kwa mlango, choo kimoja;
kule gigabaiti mia tatu za nyasi,
video chache zimejitawanya, kila moja na kona yake,
na folda iitwayo "Za Baadaye", ndani hamna kitu.

Nikacheka, samahani, sikuweza kujizuia.
Bwana huyu ni mpima ardhi.
Mchana kutwa yuko Chanika, yuko Goba,
anaamua nani kamvamia nani kwa hatua mbili,
na usiku mpaka wake mwenyewe unamkaba.

"Sogeza tu," anasema. "Si mstari?"
Mpima ndiye anayesema si mstari!
Nikamwuliza: wewe ukihamisha bikoni,
waliolala upande wa pili unawaambia lini?
Akanyamaza. Akavuta stuli.

Kwanza nakala.
Nikaazima diski ya nje kwa Sikitu wa steshenari,
saa mbili na dakika arobaini, feni ikikoroma.
Kisha nikafungua mafaili matatu kwa kubahatisha,
maana nakala isiyofunguliwa ni ahadi ya mgombea.
Ramani ya Kigamboni: ipo.
Hati ya mtu wa Kimara: inasomeka mpaka mhuri.
Mtoto anafundishwa baiskeli Tabata, anaanguka, anacheka:
nikaifunga upesi. Fundi huona, hasemi.

Sasa tazama hapa, nikamwonyesha.
Kati ya C na D kuna kipande cha uokoaji,
megabaiti mia tano na ushee, hakina jina, hakina mgeni.
Kimekaa njiani. C haiwezi kukiruka.
Wengine hukifuta, kazi ikaisha mapema.
Mimi sikifuti.
Siku nyumba ikiungua, huyo ndiye mwenye ndoo.
Kwa hiyo D ijikunje kwanza, ianzie mbele zaidi,
mwenye ndoo ahamie alipopisha D,
ndipo C inyooshe miguu.
Ukigeuza mpangilio huo, utalia na mimi sitakuwepo.

Luku: yuniti mbili nukta nne.
Nikamtuma akanunue. Tarakimu ishirini
akazisoma kwa sauti, nne nne, kama vipimo vya kiwanja,
nami nikabonyeza.
Betri imejaa, chaja ukutani, na bado nina wasiwasi,
umeme wa mtaa huu hauna tabia ya kuaga.

Tekeleza.

Asilimia tano. Kumi na mbili. Thelathini na moja.
Thelathini na moja.
Thelathini na moja, na mvua imeanza kupiga mabati.
Luhende kasimama, kidole kinaelekea kwenye swichi.
"Imekwama."
Haijakwama. Inabeba.
Kila faili linachukuliwa na mtoto wake, na sufuria yake,
linawekwa upande wa pili, linahesabiwa,
ukizima sasa hivi kuna atakayebaki barabarani.
"Kaa, bwana!"

Taa ikazima. Mtaa mzima ukapiga mwunzi.
Kioo peke yake kikabaki kinatung'arisha nyuso,
betri ikishuka, namba ikipanda,
sisi wawili hatupumui, kama wezi.

Thelathini na mbili.

Saa saba na robo usiku C ikawa na nafasi ya mia na ishirini.
Ramani zikafunguka. Mtoto akaanguka tena, akacheka.
Luhende akautazama mstari mpya muda mrefu,
jicho moja kalifumba, kwa mazoea ya kazi.
"Na D haikulalamika?"
Haikulalamika.
"Laiti Goba," akasema,
akalipa, akaitia kompyuta kwapani kama gazeti.

Diski ya Sikitu sijairudisha.
Ananuna, namwambia siku saba.
Mpaka mwenye mali ahesabu watu wake
na asikose hata mmoja.