Flashi ya Shingoni

Jumatatu, saa moja kasoro, mama Aikaeli akanipigia,
mibuni ya Kibosho ingali na umande:
"Fundi, amerudi."
Hakusema nani. Tulishamzoea, kama mdai.

Mashine ya ushirika ni kongwe kuliko mwanangu wa darasa la saba.
Ukiiwasha inakuonyesha kilima cha kijani na wingu jeupe,
kilima cha nchi nisiyoijua,
na waliouunda mfumo wake walishasema hawautibu tena:
ukiugua, muuguze wenyewe.

"Kwa nini msinunue mpya?" Nimeuliza mara tatu.
Mara tatu mama Aikaeli amenionyesha mzani wa kahawa,
waya wake mnene kama mkia wa panya buku,
na programu aliyoiandika marehemu Eliringia
isiyoelewana na mashine nyingine yoyote.
Humo mna kilo za wakulima mia nne na kumi na wawili,
kila gunia, kila deni la mbolea.
"Ukifuta, nenda ukawaambie mwenyewe.
Anza na bibi Mangowi."

Nikaketi.
Kirusi hiki hakina pupa. Kinachukua folda, kinaificha,
kinaweka mlangoni njia ya mkato yenye sura ileile,
kama mtu aliyevaa koti la marehemu akaja nalo msibani.
Ukikiua kwa jina, kina jina la pili.
Ukikitafuta, kinakuzimia taa ya chumba unachotafutia.

Nikagonga F8 mpaka kidole kikauma.
Nikaingia kwa mlango wa nyuma, skrini nyeusi, herufi nyeupe,
nikafuta mstari kwa mstari
kama anayechambua mchele wa Mabogini, luku imekwisha.
Saa saba mchana pakawa safi.
Kiburu kwenye bakuli la bati. Elfu kumi mkononi.

Ijumaa: "Fundi, amerudi."

Ndipo nikaanza kuuliza kama polisi.
Nani alichomeka nini? Karani wa stoo?
Au yule kijana wa mafunzo, Ombeni, na nyimbo zake?
Nilimtazama vibaya hata akaacha kunisalimia.
Hakuna aliyechomeka kitu.
Tundu la flashi lilizibwa kwa plasta ya kidonda,
mama aliibandika kwa mkono wake,
na plasta haikuguswa na mtu
ila mimi.

Ila mimi.

Flashi yangu nyekundu, ya shingoni, pamoja na ufunguo wa geti,
ile yenye dawa zote,
niliyoichomeka zahanati ya Pasua, sekondari ya Rau,
duka la vipuri Kiboriloni,
kwa fundi cherehani mwenye kompyuta ya kuchorea maua,
ofisi tisa na hii ya ushirika, nikihesabu kwa vidole,
na kidole cha kumi kikanigusa kifuani.

Mbu hajui kwamba amebeba homa. Anajua kula tu.
Na mimi nilikula: elfu kumi, elfu kumi, kiburu.

Usiku ule nilichoma dawa kwenye CD,
maana CD ikishachomwa haiandikiki tena, haipokei mgeni.
Flashi niliiponda kwa nyundo juu ya jiwe la kufulia,
mke wangu dirishani akiuliza nani anapigwa.

Asubuhi nikakata isale mpakani mwa shamba la baba,
jani moja refu, nikalipiga fundo,
nikaliweka juu ya kibodi kabla hata ya salamu.
Kwetu jani hilo halikataliwi.
Mama Aikaeli alilitazama, akanitazama,
akalichukua, akalichomeka kwenye daftari la mbolea
kuwa alama ya ukurasa.
"Tumesamehe. Ombeni naye umletee lake."
Kisha akavaa miwani.
"Na zile elfu thelathini?"

Nikaingiza CD. Ikazunguka kwa makelele, kama mashine ya kukoboa.
Nje, mlima ulikuwa umejifunika.
Zimebaki ofisi nane,
na isale ya baba si nyingi kihivyo.