Lori Lililoacha Kivuli

Kasanda aliileta kwenye keria ya baiskeli,
imefungwa kitenge cha mama yake kama mgonjwa,
kutoka Kiloleni hadi hapa Isevya, jua la saa saba.
"Fundi," akasema, "gemu imelogwa."

Nikachomeka. Nikawasha. Nikaona.
Lori linashuka mlima, zuri tu, taa zinawaka,
ila kivuli chake kimebaki juu, kimekaa barabarani
kama mtoto aliyegoma kwenda shule.
Miti mizizi juu.
Bega la dereva limevutika, limevutika,
hadi mawinguni, kama ulimbo.
Na daraja linapoishia, ukutani,
shimo. Si jeusi. Buluu tupu,
buluu isiyo na chini.

Sikucheka. Nimeshika redio za watu miaka ishirini,
najua sauti ya mashine inayoomba maji.
Nikauliza kama muuguzi:
ilianza lini? Ulibadilisha nini? Nani aliigusa?
"Hakuna aliyeigusa." Wote husema hivyo.
Kisha, taratibu: "Niliongeza vivuli. Na majani. Na umande."
Umande! Kwa kadi ya mtumba!

Vivuli nikavishusha, umande nikaukausha.
Bega likabaki mawinguni.
Nikang'oa draiva ya zamani, nikavuta mpya
kwa bando la usiku, nimelala kitini, simu kifuani.
Asubuhi, mistari ya zambarau,
kanga inayochuja rangi kwenye beseni.
Dereva hana kosa, draiva haina kosa,
basi nani?

Nikafungua ubavu.
Vumbi la kiangazi kizima,
na katikati ya feni nyigu amejenga:
nyumba ya udongo, vyumba vitatu,
plasta safi kuliko yangu.
Feni haijazunguka tangu Juni. Kadi ilikuwa inapikwa,
na anayepikwa hakumbuki bega linaishia wapi.

Nikaomba radhi, nikabomoa.
Brashi ya rangi. Pesti mpya, punje moja ya mtama.
Meno ya kadi nikayasugua kwa kifutio cha binti yangu Nzilwa,
nikapuliza, nikairudisha hadi ikalia ta!

Miti ikasimama. Bega likarudi nyumbani.
Kivuli kikakimbia mlima mzima, kikalidaka lori lake.
Kasanda hakusema kitu. Akaendesha hadi darajani,
akagonga. Akarudi nyuma, akagonga tena.
Ukuta ulikuwa ukuta.

"Shimo liko wapi?"
"Limepona."
Akaweka elfu tano, na tulipatana kumi.
"Nilikuwa napita pale, fundi. Kule chini kuna njia,
sidhani kama kuna aliyeijenga.
Nilikuwa nimeshafika mbali."

Akafunga kitenge, fundo mbili, akaondoka.
Zile tano sijamdai.

Jioni, nafagia vumbi lake,
nyigu akaingia dirishani, sijui kama ni yuleyule,
donge la udongo mdomoni.
Akazunguka meza mara tatu, polepole,
pale pale ilipokuwa imekaa mashine.