Mtu wa Kumwogesha Baba

Nilisema kanisani, nilisema kwa simu,
nikamwambia na mama anayeuza sambaza pale Nyawera:
natafuta mwanaume.
Akacheka hadi mizani ikayumba.
Si wa kunioa, nikasema. Wa kumwogesha baba.
Akaacha kucheka. Akanifungia samaki wangu kimya,
akaongeza kiganja kimoja, hakudai franka.

Maana mama hayupo tena,
na kaka zangu wako Kolwezi na ahadi zao,
na binti hamvui baba yake suruali.
Hakuna aliyeiandika sheria hii. Inakaa mikononi.
Miezi minne nilimwosha macho yangu yakiwa dirishani,
nikalijua ziwa kipande kwa kipande,
naye akitazama ukuta
alioujenga mwenyewe,
sote wawili tukijifanya tunasikiliza redio.

Wakaja watatu.
Wa kwanza aliuliza kama umeme unafika usiku.
Wa pili alileta barua ya paroko, mihuri miwili,
akaongea na mimi tu, akisema "huyu mgonjwa,"
na baba alikuwa pale pale.
Kilichokufa ni miguu, si masikio.
Wa tatu, Murhula, alifika na mvua,
buti mkononi, ameziosha kwenye bomba la jirani.
Barua hakuwa nayo.
Alichuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na kiti:
"Mzee, maji unayapenda ya moto kiasi gani?"
Baba akafikiri. Mimi sikuwahi kumuuliza.
"Ya kunyonyolea kuku," akasema.

Umejifunzia wapi kazi hii?
"Nilikuwa na mdogo wangu. Miaka sita."
Hakusema iliishaje. Nikamwongezea chai.

Tukapatana: dola themanini, chakula, Jumapili yake ni yake.
Atalala katika kijumba cha vyombo vya kazi.
Nikatoa mwiko, pima maji, karai zenye saruji iliyokauka.
Timazi, baba akasema, iacheni ining'inie,
ajue siku nyumba itakapoanza kuegemea.
Kilima cha Kadutu hakimwagi mtu kwa kumchagua.

Majirani hawakukosa la kunena.
Dume zima kufua shuka za mzee!
Mbona wasimchukue msichana?
Nami, niseme ukweli, usiku wa kwanza nililalia panga.
Usiku wa pili pia.
Usiku wa tatu nikawasikia wakibishana
mchanga wa mto upi unashika saruji vizuri,
nikapitiwa na usingizi katikati ya hoja.

Baba ndiye aliyejenga ngazi za mtaa wetu,
mawe mia moja na kumi na mawili, toka barabarani hadi kwetu.
Tangu aanguke hakuwa amezishuka.
Jumamosi moja Murhula akamfunga mgongoni kwa kitenge changu,
kile cha njano, chenye kuku na mayai,
na mtaa mzima ukatoka kutazama.
Baba, kidevu begani mwa mwenzake, alikuwa anahesabu:
"Ya arobaini ina ufa, kanyaga kulia.
Ya sitini na moja nililipwa nusu, na nusu wanayo hadi leo.
Hapa. Simama hapa.
Hapa mama Nsimire aliniletea uji, hatujaoana bado."
Nsimire ni mimi.
Uji huo sikuwahi kuusikia.

Walirudi wamelowa, wananuka kasiksi kidogo.
Sikuuliza.

Chumba cha baba siku hizi kina mlango.
Ulikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa anaufunga.
Jana nilikuja na taulo,
nikasikia maji, nikamsikia baba akifoka: moto zaidi, bwana!
Nikainua mkono, nikabisha hodi.
"Subiri," akasema baba. "Sijavaa."
Nikasubiri.