Mahali Nili Ilipokataa

Lilianza pembeni mwa mdomo,
dogo, kama punje ya wali iliyosahauliwa baada ya kula.
Mama akalifuta kwa ncha ya ushungi.
Akailowesha ncha kwa mate, akafuta tena.
Halikufutika.

Hapa Ajrakhpur sisi ni wachapaji wa vitambaa,
watu wa nili, watu wa kutu iliyochachuliwa kwa sukari guru.
Baba, macho kafumba, hukutajia pipa lililoiva
kwa harufu tu.
Na binti yake akawa anapauka.

Shangazi Jenabai alisema ni samaki,
yule niliyemla kwa kina Hafsa nikashushia maziwa.
Muuza dawa wa Bhuj akasema ni damu chafu,
akaniuzia mafuta meusi yanayonuka tairi linaloungua.
Nikayapaka miezi minne.
Baka likahamia vidoleni, likavuka kifundo,
likapiga kambi gotini bila kubisha hodi.

Watu wa Anjar, waliokwisha kunichumbia,
walimtuma mtu aje kuchukua pete.
Hakuipokea mkononi.
Alitandaza leso, nikaidondoshea humo.

Daktari Vasavada alizima taa,
akawasha nyingine, ya zambarau, ndogo kama tochi,
na mikono yangu ikawaka gizani,
chokaa mbichi.
“Ni mbalanga,” akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya juma.
Haiambukizi. Si samaki. Si laana.
Ndani ya ngozi kuna wapishi wa rangi,
na mwilini kuna walinzi, kazi yao kufukuza wageni.
Walinzi wamewadhania wapishi kuwa wezi.
Basi.

Kikulacho ki nguoni, nikajisemea,
na nguo yenyewe ndiyo mimi.
Nikacheka peke yangu. Yeye akaendelea kuandika.

“Wapo wanaorudishiwa rangi kwa dawa na mwanga,
hasa usoni. Mikono huwa mikaidi.
Tutajaribu, ila sikuahidi.”
Nilimpenda kwa hilo neno la mwisho.

Sasa mara mbili kwa wiki nasimama mbele ya taa zake.
Shavuni vimeota vidoa vya kahawia,
kimoja kwa kila kinyweleo,
mtama uliomwagika.
Mikono, bado.

Mikono ndiyo yenye kazi.
Nachovya muhuri katika chokaa na ulimbo,
nauweka, naugonga kwa ngumi, nausogeza.
Palipo na chokaa nili haiingii:
kitambaa kitazama pipani mara tatu
na nyota itaibuka nyeupe.
Wanunuzi wa Ahmedabad wanailipia nyeupe hiyo.
Wanaipapasa, wanauliza imefanywaje,
kisha wanaviona vidole vyangu
na chenji wanataka iwekwe mezani.

Usiniambie mimi ni kitambaa.
Kitambaa hakibabuki kwa jua la Mei.
Hakuna anayekinong'oneza harusini
kwamba kingevaa glavu, kwa heri ya bibi harusi.
Wala sijafika pa kulishukuru baka.
Zipo asubuhi nageuza kioo kikatazame ukuta,
na zipo nyingine nasahau kabisa,
nadhani ni unga.

Mubin, mtoto wa kaka, ana miaka mitano.
Hupita mipakani kwa kidole: hapa nchi, hapa maji.
Jana kavumbua kisiwa kipya nyuma ya sikio,
pale nisipoweza kufika kwa macho.
Akakizungushia kalamu ya wino, ulimi nje,
ili tujue kama kitakua.

Alasiri akaja Shangazi Jenabai.
Nikammiminia chai katika kikombe changu,
kile chenye ufa, alichonitengea mwenyewe
rafu ya juu, mbali na vya watu.
Alikitambua.
Moshi ukapanda, ukapungua, ukaisha.
Utando ukaganda juu ya chai.

Sikukiondoa.