Jumanne na Alhamisi

Kengele ya sekondari hulia saa tisa kasorobo.
Wenzangu humwagika uwanjani kama mahindi, gunia likipasuka;
mimi hukimbilia basi namba nane,
mkate wa mayai mkononi, kitabu cha kemia kifuani,
kitabu cha mtumba chenye jina la mwingine,
Garrett fulani, aliyeandika pembeni mwa ukurasa wa tisini:
hapa ndipo nilipoachia.

Nina miaka kumi na sita.
Fomu ya chuo ilitaka sahihi ya mzazi.
Mama aliisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari,
kidole chenye vumbi la lozi lisilosikia sabuni,
akauliza swali moja: "Usiku utarudi na nani?"
"Na basi," nikasema.
"Basi si mtu, Yuridia."
Akatia sahihi.

Chuo chenyewe hakina minara.
Ni majengo bapa ya rangi ya biskuti
kati ya kiwanda cha nyanya na duka la matairi.
Januari, ukungu wa bonde la San Joaquin
hushuka mzito hivi kwamba taa za maegesho
huwa viini vya mayai ndani ya maziwa.

Darasani mimi ndiye kinda.
Kulia kwangu fundi wa kulehemu, macho mekundu;
nyuma, kijana aliyerudi kutoka jeshini,
asiyekubali kuupa mlango mgongo;
na siku ile ya kwanza, akiingia amechelewa,
akivua koti linalonuka vitunguu na maji ya sahani,
Bi Odilia Bettencourt.

Yule yule anayenipakulia maharage saa sita mchana.

Tulitazamana. Miwani ya kinga
ilikuwa imetugeuza vyura.
"Wewe," akasema.
"Wewe," nikasema.
Mwalimu Vang akatupa bureti moja, tugawane.

Kabla ya kemia kuna hesabu.
Huko nimekutana na kikomo:
mstari unakaribia, unakaribia, haufiki,
na wewe unatakiwa useme ungefika wapi.
Mtihani wa kwanza nilipata arobaini na moja kwa mia,
mimi ambaye picha yangu imebandikwa
ukutani kwa mkuu wa shule.
Nikaukunja ule mtihani, nikausokomeza ndani ya kiatu,
nikaukanyaga hadi maabara.

"Unachechemea," Bi Odilia akasema. "Vua."

Akauinua mbele ya taa, kama anayekagua yai.
"Hesabu hizi sizijui.
Lakini hapa umefuta. Na hapa. Na hapa tena.
Na chini ya ulichofuta, naona,
ni namba ile ile aliyoiandika mwalimu kwa wino mwekundu."

Sikuwa na la kusema.
Nikamfundisha moli.
Ni dazeni tu, nikamwambia, ila ya vitu visivyoonekana,
na dazeni yenyewe ni kubwa mno.
Akacheka. Miaka ishirini na sita ameagiza mayai kwa trei,
maziwa kwa kreti, vijiko kwa mamia.
"Kumbe ni stoo," akasema, akaandika.

Ikafika siku ya asidi na besi.
Mimi nilihesabu, yeye akashika koki;
mkono uliozoea upawa hautetemeki.
Tone. Tone. Waridi likachomoza, likafifia.
Tone. Likachomoza, likasitasita, likafifia.
"Nusu tone," nikanong'ona.
Hatukujua nusu tone hukatwaje.
Akalitega kwenye ncha ya bureti, likaning'inia,
akaligusisha ukingo wa chupa
na maji yote yakaona haya,
waridi jepesi, jepesi, lisiloondoka.

Kesho yake, foleni ya chakula.
Nyuma yangu wanabishana kuhusu mechi ya Ijumaa,
nani atavaa nini, nani ana gari.
Bi Odilia hanijui, mimi simjui;
ndivyo tulivyokubaliana bila kukubaliana.
Anainua upawa wa mchuzi juu ya sinia langu,
anauinamisha kidogo,
linaning'inia tone moja.

Ananitazama.

"Bado," nasema.
Na wale nyuma yangu wanapiga kelele foleni isogee.