Isimila, Kabla ya Saa Moja

Sigwava alinisalimu "kamwene" gizani,
mikono kwapani, tochi ikining'inia shingoni.
Baridi ya Julai huku Iringa haina adabu:
inaingia hata kwenye kitufe cha kamera.

Tukashuka korongoni. Mchanga mkavu
wa mto usiorudi mpaka kifuku.
Nguzo zimesimama bila rangi,
kama watu waliokatizwa mazungumzo.

Halafu ncha ya moja ikashika wekundu,
ya pili, ya tatu, nuru ikiteremka
kama kamba ya kisima
mkononi mwa mtu asiye na haraka.

Nikainua kamera. Pumzi yangu
ikatanda ukungu kwenye lenzi.
Nikafuta kwa pindo la sweta, nikafuta tena,
na jua halikungoja.

"Ile yenye kofia," Sigwava akasema,
"ilianguka mvua za mwaka juzi. Usiku.
Nyumbani tulidhani ni lori."

Nilipiga akiwa bado amenyoosha kidole:
mkono wake, vumbi kwenye kucha,
na mbele ya kidole anga tupu
yenye upana wa nguzo.

Pimbi mmoja alikatiza.
Huyo sikumpata.